Pima Kumi na Moja

Daktari alimwonyesha Fundi Shaame dirisha dogo la chemba, lile tangi la chuma la kutibia wazamiaji, akamwambia asimchoshe mgonjwa kwa maneno, kisha akamkabidhi saa iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nataka neno moja tu kutoka kwako," alisema. "Namba hii niiamini au nisiiamini?"

Shaame akaitoa saa mfukoni. Aliijua kama anavyoyajua meno yake. Ilikuwa saa ya mazoezi, ya kawaida kabisa, kama zile wanazovaa watu wanaokimbia barabarani asubuhi ili wajue moyo umepiga mara ngapi. Wiki iliyopita yeye mwenyewe ndiye aliyelivunja kufuli la watengenezaji lililoizuia kupima maji ya kina. Akabonyeza pembeni, rekodi ya mwisho ikatokea: kumi na moja, kwa muda wa saa mbili na dakika ishirini.

"Iamini," akasema. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyepitwa na nafasi ya kujisifu, akaongeza: "Saa zangu hazikosei, Daktari. Nimezishusha majini mwenyewe kwa kamba na jiwe, moja baada ya moja."

"Basi mimi sielewi." Daktari alikuwa kijana wa Morogoro, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Kwa mita kumi na moja jedwali la wazamiaji linampa mtu saa mbili na nusu. Huyu hakuzidisha muda. Alipanda polepole kama alivyofundishwa. Lakini amefika juu hajui miguu yake iko wapi. Damu imejaa mapovu kama soda iliyotikiswa. Mwili wake unaniambia alikuwa chini zaidi, saa inasema hapana."

"Na hiyo chemba?"

"Chemba inamrudisha mtu kwenye shinikizo la kina alikotoka, halafu inampandisha taratibu ili mapovu yayeyuke. Nimeiwekea kumi na moja. Siwezi kuipa namba ya kubahatisha. Nikimpa zaidi ya alikotoka, naweza kumwongezea gesi mwilini badala ya kuitoa." Akajikuna shingo. "Limebaki jambo moja tu. Siku ile alizamia mara mbili. Alfajiri alishuka kwa siri bila saa, kisha akarudi na wenzake kama hakuna kitu."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anakataa."

Muuguzi akamwita daktari chumba cha pili, akaenda. Shaame akabaki dirishani. Ndani, Nyamizi alikuwa amelala chali, shuka limemfika kifuani, mdomo umekauka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Sikonge, aliyekuja Mwambakuu kwa sababu tumbaku ya kwao ilikuwa haimpi mtu kazi tena na mwani wa huku ulikuwa unatafuta mikono. Alipomwona Shaame akainua simu iliyoning'inia karibu na kichwa chake.

"Fundi. Umekuja kuangalia saa."

"Nimekuja kukuangalia wewe," Shaame akasema kwenye simu ya upande wake.

"Basi mwambie Daktari aache hayo ya alfajiri. Nilishuka mara moja, kwenye kamba yangu. Ndiyo siku yangu ya kwanza kuzamia bila mwalimu, unadhani ningekuwa na ujasiri wa kushuka mara mbili? Nilikuwa naitazama saa kila ninapokata shina moja la mwani. Nikasema, ikifika kumi na moja nasimama. Na nilisimama."

"Ikakuandikia kumi na moja."

"Ikaandika kumi na moja, na chini yake PIMA. Nikajua imemaliza kupima." Akacheka kidogo, kicheko cha mgonjwa. "Mwanzoni nilidhani ile PIMA inaniamuru. Nikawa naibonyeza, nasema labda inataka niipime upya."

Shaame hakucheka. Ndipo aliposikia lile neno la Daktari, mita, lililompita muda mfupi uliopita.

Katika kijiji alikozaliwa Shaame, hapo hapo Mwambakuu, hakuna mtu mzima anayeona neno hilo akafikiria kitendo. Pima ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima akiinyoosha, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kamba zote za Mwambakuu zinakatwa kwa pima, zinauzwa kwa pima, na mama akimtuma mwanawe dukani humwambia pima kadhaa. Pima moja ni mita mbili kasoro kidogo. Pima kumi na moja ni mita ishirini.

Na mita ishirini, jedwali linampa mtu dakika arobaini na tano.

Mlango aliotokea daktari ulikuwa hatua kumi kutoka aliposimama. Shaame aliutazama. Sauti ya daktari ilisikika kabisa, akimuuliza muuguzi habari za dripu. Ilikuwa ni kwenda tu, kusema maneno matatu.

"Pumzika, mwanangu," akasema kwenye simu. Akaitia saa mfukoni, akatokea mlango wa nyuma.

*

Tusimtafutie maneno mazuri. Alijua. Siku nzima ile na siku iliyofuata, alipokuwa amejifungia kibandani kwake na saa za watu zimetandazwa juu ya meza, alijua kwamba chemba ile imewekewa namba isiyo yake, na kila alipofika hapo katika kufikiri aligeuza kichwa kama mtu anayemkwepa mdai njiani.

Badala yake akaanza kuisoma upya karatasi ya waliotengeneza ile saa.

Tangu bahari ipate joto, mwani haukuota tena ufukweni mahali ambapo mwanamke angeweza kuukata akiwa amesimama, maji yakimfika magotini. Ulifuata baridi, na baridi iko chini. Wanawake wakautundika kwenye kamba ndefu za wima, nao wakaufuata. Kilichowawezesha ni fulana ya matamvua, inayochuja hewa kutoka majini kama samaki, hivyo mzamiaji hana mtungi wa kumwishia. Zamani mtungi ndio uliokuwa ukimfukuza mtu chini kabla mwili haujashiba mapovu. Siku hizi hakuna anayemfukuza. Anabaki na mambo mawili tu: kina na muda. Na kamba haiwezi kumwambia kina, kwa sababu mkondo ukivuta kamba hulala, na pima ishirini za kamba iliyolala zinaweza kuwa pima kumi tu za maji.

Saa za wazamiaji zilikuwepo, lakini ni wachache walioweza kuzipata. Saa za mazoezi kila mtu alikuwa nayo. Hizo zilikuwa zinaonyesha kina mpaka mita sita. Ukipita sita, kioo kinaandika vistari vitatu na kunyamaza.

Shaame aliacha shule darasa la sita na alijifunza saa kwa kuziharibu. Alipogundua kwamba kihisi cha shinikizo kilichomo ndani kinaendelea kufanya kazi hata baada ya vile vistari, alitangaza kijiji kizima. Aliigeuza saa, akawaonyesha wanawake maandishi ya nyuma: mita hamsini. "Mnaona?" aliwaambia. "Inafika hamsini, wao wanakufungieni sita ili mkanunue ile nyingine. Ni uchoyo tu." Akalivunja kufuli. Na kwa kuwa wateja wake wa kwanza walikuwa wanawake watu wazima waliokua na kamba mikononi, aliifanya saa izungumze lugha yao. Namba kubwa katikati, na chini yake PIMA. Walimpigia makofi siku ile. Alilala akitabasamu.

Sasa alisoma mistari ambayo zamani aliiruka kwa kidole. Mita hamsini za nyuma ya saa si za mzamiaji. Ni za maabara, maji yaliyotulia, saa mpya, hakuna mkono unaopiga maji wala kidole kinachobonyeza kitufe. Na kihisi chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya hewa na milima. Mtu akipanda Kilimanjaro mpaka kileleni, uzito wa hewa juu yake unapungua karibu nusu. Akishuka majini mita kumi tu, unakuwa mara mbili. Kihisi kile kidogo kingeweza kulisikia hilo, na pengine kikataja namba sahihi, lakini hakuna aliyekikalisha kwenye joto na baridi, kikiwa kipya na kikiwa kimechakaa, akahakikisha kwamba mwaka wa tatu bado kinasema kweli. Saa ya mzamiaji hupitia hayo yote. Pia hulia ukipanda mbio, na hukuhesabia muda wako na kukwambia toka.

Uchoyo ulikuwepo, Shaame bado aliamini hivyo. Lakini uchoyo haukuwa wote. Mtu aliyeweka vistari vile alijua jambo ambalo yeye hakulijua: kwamba mtu akiwa chini, katika giza la kijani, haulizi namba imetoka wapi. Anaiona, anaitii. Saa inayonyamaza humtia mtu wasiwasi akapanda juu kuuliza. Yake haikunyamaza. Na ajabu mbaya ni kwamba namba yake ilikuwa sahihi, kwa kipimo chake. Alichokosea ni neno moja, la Kiswahili, la kwao.

Jioni ya siku ya pili mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Mize, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana ya kuzamia. Hakungoja kukaribishwa. Aliondoa saa tatu juu ya kigoda akakaa.

"Umekondeana, Shaame. Siku mbili tu."

"Nina mafua."

"Mafua yanakuinamisha kichwa hivyo?" Akamtazama. "Sema."

Akasema. Alimweleza yote, pima na mita, mpaka hapo kwa daktari, isipokuwa habari ya ule mlango wa nyuma. Bi Mize alisikiliza bila kupepesa.

"Mie naijua pima," akasema mwishowe. "Bi Mtumwa wa kikundini anaijua. Sote wa hapa twaijua. Hukutuumiza sie."

"Yeye hakuijua."

"Hakuuliza."

"Na mie sikumwambia."

Bi Mize akashusha pumzi. "Nisikilize. Kesho kikao. Wakaguzi wakisikia kwamba saa zetu zimevunjwa kufuli, watachukua kibali cha kuzamia. Si chake, chetu sote. Wanawake thelathini na wawili. Ufukweni hakuna kitu, weye wajua. Na Bi Mtumwa ana kamba zilizokatwa, mwani ukaibwa, tangu mwezi uliopita, anataka kumjua mwizi. Daktari kashasema alizamia mara mbili. Acha iwe hivyo. Tutamsaidia kimyakimya, atarudi kwao."

"Atarudi na jina la mwizi."

"Sikonge nani atajua?"

Bi Mize akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa michafu.

"Watakuuliza swali moja tu. Saa nzima au mbovu. Na saa ni nzima, au siyo?"

"Ni nzima."

"Basi hutakuwa umesema uongo."

Alipotoka, Shaame aligundua kwamba alikuwa amefarijika. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote, kwamba alishukuru kupewa njia ya kuwa mwoga bila kusema uongo.

*

Kikao kilikaa asubuhi katika banda la kuanikia, wanawake wamekaa kwenye marobota ya mwani mkavu. Simu iliwekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, sauti wazi, ili Nyamizi asikie akiwa kwenye chemba. Muuguzi ndiye aliyemuunganisha.

Bi Mtumwa alieleza habari za kamba zake. Hakumtaja mtu, lakini kila mtu alielewa anamtaja nani. Mmoja akasema wageni wana haraka ya kupata. Mwingine akamjibu kwamba hata yeye alikuja kuolewa hapa kutoka Pemba, je, naye ni mgeni? Wakacheka kidogo, cheko likafa.

"Fundi," Bi Mize akaita. "Umeiona saa ya Nyamizi. Nzima au mbovu?"

Shaame alisimama. Macho ya wanawake wale yaliyozoea kumtania leo yalimtazama kwa adabu.

"Nzima," akasema.

"Ahsante. Kaa."

Akakaa. Simu ikatoa sauti nyembamba.

"Jamani, mimi nimesikia." Nyamizi aliongea polepole, akitafuta pumzi. "Kama Fundi amesema saa ni nzima, basi saa ni nzima, maana mimi saa sizijui. Daktari ameniambia mapovu yanaweza kupanda mpaka kichwani, mtu akasahau alichofanya. Labda kweli nilishuka alfajiri. Sikumbuki, lakini labda. Bi Mtumwa, kama nilikata kamba zako nakuomba radhi. Nitalipa. Sikutaka kuwa mwizi."

Bi Mtumwa akatazama chini, kwa kuwa hata yeye hakutegemea kupewa mwizi haraka hivyo.

Shaame alikuwa amesimama tena bila kujua amesimama lini.

"Hakuzamia mara mbili," akasema. Sauti ilimtoka ya kukwaruza. "Hakukata kamba ya mtu. Hakusahau chochote. Yeye alishuka mita ishirini, nami ndiye niliyemshusha."

"Shaame," Bi Mize akasema kwa sauti ya chini.

"Niache, Bi Mize. Tazameni saa zenu. Nyote. Hilo neno chini ya namba, ni nini?"

Wakainua mikono wakatazama, kama wanafunzi.

"Si pima hiyo?" akasema mwanamke wa mbele. "Pima za kamba."

"Mwenye jibu jingine?"

Nyuma kabisa akasimama msichana aliyeitwa Siwema, mtu wa Mpanda, amekwishavaa fulana ya matamvua tayari kwa kazi baada ya kikao. Aliitazama saa yake muda mrefu.

"Kwani siyo mita?" akasema. "Mimi nilijua imeandika tu kwamba inapima."

Mwanamke aliyekuwa karibu naye akamshika mkono, akaanza kumfungua mikanda ya fulana bila kuambiwa.

Shaame akaongea. Aliwaambia kwamba aliwaita watengenezaji wachoyo kwa sababu hakusoma karatasi mpaka mwisho. Akawaambia aliandika pima kwa kuwa ilimpendeza kusikia watu wakimsifu, na hakuwahi kujiuliza mara moja nani mwingine atakayeisoma. Kibali kikichukuliwa, akasema, kitachukuliwa kwa mkono wake, wala wasimlaumu Nyamizi. Hakulia. Angelia wangemhurumia, na hakutaka hilo.

"Muuguzi," akasema mwisho, akiinamia simu. "Mpe Daktari."

Zikasikika hatua, kisha ile sauti iliyokosa usingizi. "Nani?"

"Shaame, fundi wa saa. Ile namba si mita. Ni pima. Kina chake ni mita ishirini."

"Ishirini," Daktari akarudia. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Umelijua lini?"

Banda zima lilikuwa linasikiliza. Bi Mize alikuwa ameufunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Juzi," Shaame akasema. "Nilipokuwa hapo hapo dirishani. Wewe ulikuwa chumba cha pili."

Daktari hakumtukana. Pengine ingekuwa nafuu. "Juzi ningempandisha kutoka ishirini na angetoka hapa kwa miguu yake," akasema. "Leo, mguu wa kulia labda. Wa kushoto siahidi." Kisha kwa muuguzi: "Funga mlango. Tunaanza upya."

Kikasikika chuma kikigongana na chuma. Shaame akanyoosha mkono akate simu, kwa kuwa aliona amemaliza.

"Fundi bado yupo?" Ilikuwa sauti ya Nyamizi, mbali kidogo na simu.

"Yupo," Bi Mize akajibu.

"Asiondoke. Asikilize."

Shaame akaurudisha mkono. Hewa ikaanza kuvuma ndani ya chemba, na mashine ikaanza kuhesabu kina kwa sauti ya kike isiyo na haraka. Moja. Mbili. Tatu. Wanawake hawakuinuka. Siwema alikuwa amekaa na fulana mapajani. Sita, mashine ikasema, na saba, na nane, na katikati ya namba zilisikika pumzi za mtu anayejikaza asiugue. Ilipofika kumi na moja Nyamizi akaguna mara moja, naye Shaame akatamani kuziba masikio, lakini mikono aliiacha ikaning'inia.

Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kila namba kuanzia hapo ilikuwa yake peke yake, na hakuna aliyemwambia akae.

"Ishirini," mashine ikasema, kisha ikataja na kipimo chenyewe, kama ilivyotengenezwa kufanya: "mita."